Kadi Mbili za Mwalimu Optatus

Magonjwa nayo yana vyeo. Nilikuwa silijui hilo mpaka nilipoolewa na Mwalimu Optatus, ambaye anajua vyeo vya kila kitu, hata vya kuku. Sukari, kwa mfano, ni ugonjwa wa wakubwa. Mtu mwenye sukari hapa Chilangala hutangaza mwenyewe msibani, akisukuma kikombe mbele: "Mimi nina sukari bwana, niletee chai isiyotiwa kitu." Watu humtazama kwa heshima, maana inaonyesha kuwa wakati fulani alikula vizuri. Presha nayo ni hivyo hivyo, ugonjwa wa mtu mwenye majukumu. Lakini kifua kikuu! Hicho ni cha walevi, cha wafungwa, cha watu wanaolala kumi chumba kimoja. Mwalimu mstaafu, tena mwenyekiti wa Kamati ya Kiasi ya kanisa, anayepita nyumba hadi nyumba kukataza watu pombe, hawezi kuwa nacho. Vijidudu vyenyewe vingeona aibu.

Basi havikuona aibu. Vilimwanza mwaka jana, masika yakiwa katikati. Kwanza alisema ni mvua. Mvua ilipokatika akasema ni vumbi. Salfa, ile tunayopulizia mikorosho, iliponea kwa sababu msimu wake ulikuwa haujafika, la sivyo nayo ingepata kesi. Mimi nilikuwa nafua mashuka yaliyolowa jasho kila asubuhi, na suti yake ya kustaafia niliiona inamning'inia mabegani. Mwishoni mwa Aprili nikamwambia, "Baba Walter, kesho twende hospitali Newala."

"Newala?" alishtuka. "Nusu ya wahudumu wa Newala nimewafundisha mimi."

"Basi ndiyo vizuri, watakuhudumia haraka."

"Watanihudumia haraka, na kunitangaza haraka zaidi."

Kwa hiyo tukashuka Masasi, ambako ile milima ya mawe tu ndiyo ingemwona. Alivaa kofia ya pama, akajizungushia skafu yangu usoni, akapanda basi la alfajiri kama mtu aliyeiba kengele ya kanisa. Wakampima makohozi, wakampiga picha ya kifua, wakatuita ndani. Kifua kikuu. Mimi nami nikapimwa, nikakutwa sina, jambo ambalo Mwalimu alilipokea kwa uso wa mtu aliyeonewa.

Nesi wa pale alikuwa anaitwa Ursula, mama mtu mzima, mpole, lakini macho yake hayakuwa ya kudanganywa. Akatufundisha dozi ya miezi sita, akaniteua mimi nimsimamie mgonjwa akimeza kila siku. Kisha akauliza kama ana ugonjwa mwingine.

"Nina sukari," alisema Mwalimu, na hapo aliketi vizuri, akatoa skafu. "Niko kliniki ya Newala, mwaka wa sita huu."

Nesi Ursula akaweka kalamu chini. "Basi nisikilizeni wote wawili. Hizi dawa za TB zina nguvu. Ndani ya mwili zitavila vile vidonge vyako vya sukari kabla havijafanya kazi. Sukari itapanda, na kule kliniki watakuongezea vidonge. Hiyo si mbaya. Lakini siku utakayomaliza hizi za TB, hakuna tena kitakachovila. Vidonge vyote vile vitafanya kazi kwa mpigo. Sukari itashuka ghafla, na ya kushuka inaua upesi kuliko ya kupanda. Kwa hiyo lazima kliniki yako wajue lini umeanza na lini umemaliza, wakupunguzie kwa wakati. Au hamishia na sukari yako hapa, tuiangalie sisi."

"Hapana, hapana," alisema Mwalimu. "Nitawaambia."

Nesi akaandika barua, akaipiga muhuri, akampa Mwalimu. Kisha akanigeukia mimi: "Mama, ukimwona anatoka jasho la baridi, anatetemeka, anaongea ovyo, usingoje mtu. Mpe sukari, halafu hospitali."

Ndani ya basi Mwalimu aliisoma ile barua mara mbili, akausifu mwandiko wake. Tulipofika nyumbani akateremsha ukutani picha ya kustaafu kwake, ile anayokabidhiwa mabati, akaipachika barua nyuma yake pamoja na kadi mpya ya TB, akairudisha picha mahali pake. Akarudi nyuma hatua mbili kuangalia kama imekaa sawa.

"Na kliniki?" nikauliza.

"Kliniki ina kadi yake. Kila kadi na ofisi yake, Mama Walter. Ndiyo utaratibu wa serikali."

Huyu ni mtu aliyefundisha darasa la nne kwa miaka thelathini na mbili. Kila mwaka aliandika ubaoni *Mficha maradhi kifo humuumbua*, na mtoto aliyeshindwa kueleza maana yake alichapwa. Nadhani maana yenyewe aliigawa yote kwa wanafunzi, akasahau kujibakizia.

Kuhamishia sukari Masasi pia hakutaka, na sababu ninaijua. Kliniki ya Newala ni Jumanne, na kuna benchi moja nje ambalo hukaliwa na wastaafu wote wa wilaya: maafisa kilimo, mahakimu, walimu wakuu. Hujadili nchi tangu saa moja asubuhi mpaka waitwe, na Mwalimu Optatus ndiye msemaji wao. Kumtoa kwenye benchi lile ni sawa na kumstaafisha mara ya pili.

Tabibu wa kliniki hiyo alikuwa kijana wa Mbeya, anaitwa Gwakisa. Mchapakazi, ila alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na mdomo. Mwezi wa pili wa dozi ya TB akamtoboa Mwalimu kidole, akasoma kipimo, akanitazama mimi.

"Kumi na nne! Mama, nyumbani mnakula nini?"

"Shikamoo" yake aliyonipa mlangoni nikaona imekwisha muda wake. Nikamwambia tunakula ugali wa muhogo kidogo, kunde, mboga za majani, kama alivyoagiza.

"Na chai?"

"Haina sukari."

"Basi hii kumi na nne imetoka wapi? Imeanguka kutoka mbinguni?"

Nilijua imetoka wapi. Ilikuwa imetoka nyuma ya picha ya mabati. Nikafungua mdomo, na hapo hapo kiganja cha Mwalimu kikanibana paja chini ya meza, kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo. Nikafunga mdomo. Namsema sana mume wangu, lakini siku ile mdomo uliofungwa ulikuwa wangu, na hakuna aliyenishonea.

"Anatumia dawa za kienyeji?" Gwakisa aliuliza.

"Hapana," alijibu Mwalimu, na ilikuwa kweli. Dawa za kisasa hakuulizwa.

Kidonge kimoja cha asubuhi kikawa viwili. Mwezi uliofuata kumi na tano. Vikawa viwili asubuhi na viwili jioni. Kila mara hotuba nilipewa mimi. Nikaambiwa wanawake wa huku tuna huruma ya kijinga, tunawalisha waume zetu mpaka kaburini. Benchi zima la wastaafu lilikuwa linasikia, na Mwalimu alikuwa anatikisa kichwa kwa masikitiko, kana kwamba na yeye ananihurumia kwa tabia yangu.

Siku hiyo nilirudi nyumbani na hasira hata nyanya sikuziona sokoni. Nikatoa sukari yote iliyokuwa ndani, kopo zima la maziwa ya unga limejaa mpaka mdomoni, nikampelekea jirani yangu Isabela, Mama Oscar. "Chukua," nikamwambia. "Nyumba yangu haitaonekana tena na punje ya sukari, nione watamsingizia nani." Isabela hakuuliza mengi. Alipokea, akakohoa kwenye ncha ya kanga, akasema ni salfa. Wakati huo ilikuwa kweli msimu wa salfa, kila mtu alikuwa na poda mpaka kwenye nyusi.

Isabela ndiye mkamua uraka mkuu wa mtaa wetu. Mabibo yakiiva yeye huyakamua, maji yake huyaacha yachache yawe pombe, na kuanzia Oktoba uani kwake hapakosi watu. Mwalimu alikuwa anamwita "tawi la Jehanamu." Lakini ukiugua, wa kwanza kukuletea uji ni yeye.

Mwanzoni mwa Novemba dozi ya TB ikaisha. Nesi Ursula akatupongeza, akaandika kwenye kadi *amemaliza matibabu*, akauliza, "Kule kliniki wamejiandaa kupunguza?"

"Wanajua kila kitu," alisema Mwalimu.

Nikatazama dirishani. Milima ya Masasi ilikuwa pale pale.

Njiani nikamwambia, "Baba Walter, Jumanne hii tunaipeleka ile barua. Nakusihi." Nilimsihi kweli, maana hesabu ya nesi nilikuwa nayo kichwani. Akanijibu kwamba sasa amepona, na mtu aliyepona barua ya ugonjwa anaipeleka wapi. Jumanne hiyo ilikuwa sikukuu, kliniki ikafungwa. Iliyofuata kulikuwa na semina. Yeye akaendelea na vidonge vyake, viwili asubuhi, viwili jioni, kwa utii ambao sijawahi kuuona kwenye jambo lingine lolote nililomwomba.

Jumamosi ya wiki ya tatu akaamka na safari. Kamati ya Kiasi ilikuwa na ziara ya kuonya nyumba zenye uraka, na yeye kama mwenyekiti alitaka awafumanie mapema, kabla hawajaficha madumu. Akameza vidonge viwili, akakataa uji, akachukua daftari na fimbo. Nikamfuata na bakuli mpaka barabarani. "Nikirudi," alisema bila kugeuka.

Haikupita saa moja na nusu, binti mmoja akaja mbio. "Mama Walter, shikamoo, njoo kwa Mama Isabela. Mwalimu kalewa."

"Marahaba. Mwalimu gani?"

"Mwalimu wetu! Anamhubiria mbuzi."

Nilikimbia na upawa mkononi. Uani kwa Isabela palikuwa na watu kama ishirini, na asubuhi ile nadhani ndiyo walifurahi kuliko asubuhi zote za maisha yao. Katikati alisimama Mwenyekiti wa Kamati ya Kiasi, shati limelowa chapa mgongoni, anayumba, kidole amekinyoosha kwa mbuzi aliyefungwa kwenye mkorosho. "Wewe," alikuwa anamwambia, ulimi mzito, "wewe nilikuonya darasa la nne." Watu wakavunjika mbavu. Kuna mzee aliyekuwa analia machozi kabisa, ameshika kikombe cha uraka kwa mikono miwili kisimwagike.

Nikamshika mume wangu mkono. Ulikuwa wa baridi. Jasho la baridi, kutetemeka, kuongea ovyo. Nesi Ursula alikuwa amenisomea orodha yote ile kwa mpangilio, na mgonjwa wangu alikuwa anaifuata kama mwanafunzi bora.

"Sukari!" nikapiga kelele. "Nileteeni sukari, huyu hakulewa!"

Kicheko kikazidi. Akaja Mzee Dastani, mzee wa kanisa, ambaye naye alikuwa kwenye ziara ya kamati. Uso wake ulikuwa na huzuni ya heshima. "Mama Walter, usijiumize. Yamewapata wengi. Tumlaze hapa kivulini, alale, pombe itamtoka mpaka mchana."

"Mzee Dastani, akilala hapa haamki."

"Wote husema hivyo."

Wakamlaza. Watu wema kabisa, wakamkunjia na gunia la korosho awekee kichwa. Nilimwona mume wangu anafumba macho, na katika maisha yangu sijawahi kuogopa namna ile. Kifo chake kilikuwa kinatandikiwa kwa adabu, huku kila mtu anatabasamu. Nyumbani kwangu hakukuwa na sukari hata ya kumpa sisimizi. Niliitoa mwenyewe, kwa kiburi changu mwenyewe.

Nikageuka. "Isabela! Kopo langu!"

Isabela ndiye peke yake aliyekuwa hacheki. Anauza uraka miaka kumi na nane, mlevi anamjua. "Huyu hanuki kitu," alisema, tayari anatoka ndani na kopo. Tulikoroga vijiko vitano kwenye kikombe cha maji. Tukamwinua tukamketisha, alikuwa bado anaweza kumeza. Kidogo kidogo, nusu ikimwagika kidevuni. Tukangoja. Isabela alikohoa pembeni, kikohozi kirefu, akasema tena ni salfa. Salfa iliisha Agosti, lakini hiyo haikuwa saa ya kumjibu.

Baada ya dakika kama kumi Mwalimu akafungua macho, akaona watu, akaona mbuzi, akaona madumu. "Kwa nini niko kwenye tawi la Jehanamu?" aliuliza, kwa sauti yake kamili ya darasani.

"Mmeona," alisema Mzee Dastani. "Imeanza kumtoka."

Mwalimu alitaka kwenda nyumbani akabadilishe shati. Nikakataa. Nikamwita Suleimani wa bodaboda, tukampakia mgonjwa katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, na bodaboda nyingine ikawachukua Isabela na Mzee Dastani, huyu wa pili kwa ajili ya ushauri wa kiroho. Kabla hatujaingia Newala mjini nikahisi kichwa cha mume wangu kinaangukia begani kwa Suleimani, na jasho lile la baridi likarudi. Isabela alikuwa amechukua kopo. Tukasimama kando ya barabara, tukampaka sukari kwenye ufizi kwa kidole, tukaenda.

Zamu ilikuwa ya Gwakisa. Akamtoboa kidole, akasoma, akarudia kusoma. "Moja nukta tisa," alisema, na safari hii hakunitazama mimi. Wakamtundikia dripu ya sukari. Ndiyo, hospitali ile ile iliyonikataza punje moja ilikuwa inamtia sukari ya mfuko mzima kwa mshipa. Nilitamani benchi la wastaafu lingekuwepo.

Alipotulia Gwakisa akauliza, "Vidonge nilivyompa alikuwa anavihimili kabisa. Kitu gani kimebadilika?"

Mwalimu alikuwa amefumbua macho. Hakuwa na nguvu ya kunibana paja, kwa hiyo alinibana kwa macho. Mlangoni walikuwa wamesimama Isabela, Mzee Dastani na Suleimani, wote masikio wazi. Nilijua kwamba nikisema, kabla ya jua kuzama kijiji chote kitajua. Nilijua pia kwamba nisiposema, Gwakisa atamrudisha nyumbani na vidonge vile vile, na mara ya pili huenda Isabela asiwe karibu.

"Alikuwa na kifua kikuu," nikasema, tena si kwa kunong'ona. "Miezi sita ametumia dawa Masasi. Amemaliza wiki tatu zilizopita. Nesi wa Masasi alikuandikia barua. Iko nyumbani, nyuma ya picha."

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu Gwakisa, haraka yake yote ilimwisha. Akavuta stuli, akaketi.

"Miezi yote ile nilikuwa namwongezea," alisema, "na sikuuliza kwa nini. Niliuliza dawa za kienyeji tu. Mama, nisamehe."

Sikumsamehe papo hapo, nilitaka kwanza nifaidi. Lakini nilimwambia ukweli: "Mimi nilijua, nikanyamaza. Tugawane."

Walimlaza siku mbili, kwa sababu vile vidonge, alisema Gwakisa, hukaa mwilini muda mrefu na huweza kumwangusha mtu hata baada ya dripu. Akavifuta vyote kwenye kadi, akamwanzishia vya aina nyingine visivyoangusha sukari namna ile, akaagiza apimwe kila wiki. Niliporudi na barua aliisoma amesimama, akaibana kwa pini pamoja na kadi zote mbili, ya sukari na ya TB. Mwalimu aliitazama ndoa hiyo ya kadi zake.

Nami nikajiandaa kwa aibu. Nilingoja watu wakimbie kisima nikifika. Hawakukimbia. Nilingoja maneno. Maneno yakaja, lakini siyo niliyoyangoja: kijiji kizima kilikuwa kinasema Mwalimu alilewa. Mlevi wa kwanza kuhubiria mbuzi! Nikamvuta Isabela pembeni.

"Isabela, si ulisikia hospitali?"

"Tulisikia," alisema. "Njiani mimi na Mzee Dastani na Suleimani tukakubaliana. Mwalimu ni mtu mkubwa. Tukasema bora kalewa. Ulevi si unaisha?"

Watu watatu walikuwa wamekula kiapo cha kumsitiri mume wangu kwa kumpaka uraka. Sikujua nicheke au nilie. Mwalimu yeye, nilipomweleza, alifikiri sana. Nikaona kabisa anapima: mlevi, au mgonjwa wa kifua kikuu. Akasema, "Tuache ilivyo." Basi kwa wiki mbili mwenyekiti wa Kamati ya Kiasi akatembea Chilangala amevaa ulevi kama skafu.

Jumapili ya tatu, wakati wa matangazo, Mzee Dastani akasimama. Alitangaza mchango wa bati, akatangaza ndoa, halafu akashusha sauti. "Ndugu zangu, shetani humjaribu yeyote. Kwa lile tukio la uraka, kamati imeona vyema impumzishe mwenyekiti wetu miezi mitatu, atubu, na nafasi yake ishikwe kwa muda na mimi."

Nilihisi benchi letu linatikisika. Mwalimu Optatus alikuwa amesimama.

"Nitubu nini?" alisema. "Mimi? Tangu kipaimara sijaonja pombe. Hata divai ya madhabahuni naimeza nimefumba macho! Na nafasi yangu aishike nani?"

"Mwalimu, kaa, tumeshasamehe," alisema Mzee Dastani, akimkonyeza kwa nguvu zote za upendo.

"Usinikonyeze! Sikulewa mimi. Nilikuwa na kifua kikuu! Nimetumia dawa miezi sita, nikawaficha kliniki ya sukari, vidonge vikazidi, vikaniangusha. Kadi ninazo mbili, zimebanwa kwa pini, anayetaka aje azisome!"

Msinisifie mume wangu ujasiri. Si ujasiri ule. Upendo wa mke ulishindwa, barua yenye muhuri ilishindwa, kifo chenyewe kilikuja mpaka uani kwa Isabela kikashindwa. Kilichomtoa ukweli ni kuvuliwa uenyekiti. Alikuwa bado amesimama. Halafu nyuma kule, mtu akakohoa. Kikohozi kirefu, cha ndani, kinachojulikana. Watu wote wakageuka, na Isabela akainamisha uso kwenye kanga.

Jioni ya siku hiyo kabla ya giza alikuja kwetu, kopo la sukari mkononi, kisingizio chake ni kulirudisha. Nikamkaribisha. Akaketi kwenye ukingo wa kiti, akalizungusha kopo, akalizungusha tena.

"Mwalimu," alisema, "ile salfa yangu. Ina miezi mitano sasa."

Mwalimu akamtazama. Nilingoja hotuba, tawi la Jehanamu lilikuwa limekaa sebuleni kwake. Akainuka, akateremsha picha ya mabati, akaigeuza. Nyuma hapakuwa na kitu tena, ila ile alama ya vumbi ya mraba mahali barua ilipokaa. Akaitazama kitambo.

"Kliniki ya TB Masasi ni Jumatano," alisema. "Tutakupeleka. Na ukiulizwa una ugonjwa gani mwingine, Mama Oscar, sema wote."

"Basi la alfajiri?" aliuliza Isabela. "Watu wasituone?"

Mwalimu akairudisha picha ukutani. Nilimwona anainyoosha ikae sawa, mzee yule, na kwa mara ya kwanza mwaka mzima nilimpenda bila kumkasirikia.

"La saa nne," alisema.

Jumatano tukapanda la saa nne. Kofia ilibaki nyumbani. Mwalimu alikaa siti ya mbele, na kila aliyepanda na kumwamkia, "Shikamoo Mwalimu, safari ya wapi?" alimjibu kwa sauti ya kufika mpaka siti ya nyuma. Wengine walihamia mbali kidogo. Wawili, naapa, walisogea karibu kusikia vizuri. Mimi nilifungua dirisha kama nesi alivyotufundisha. Isabela alikaa kando yangu, mdomo ameuziba kwa kanga, mkono mmoja ameshika kopo la sukari mapajani, macho kwa mume wangu, akiangalia kama anatoka jasho.